Mama wa Nipomo: uso unasema nini, na nani anausemea?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya uandishi wa habari hapa Morogoro. Tumepewa kazi ya kuchambua hisia na uhalisi katika picha ya Dorothea Lange ya mwaka 1936, ile ya mama na watoto wake inayojulikana kama Mama Mhamiaji. Nimeandika kwamba uso wake unaonyesha kukata tamaa, na kwamba picha ni halisi kwa sababu mama hakujua kama anapigwa. Mwenzangu anasema nimekosea yote mawili: picha ilipangwa, tena kuna kitu kilifutwa, kwa hiyo ni ya uongo. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kwenye maandishi nimwite nani huyu mama?

Jibu: Marahaba. Mwenzako ana habari sahihi, ila hukumu yake ni ya haraka. Wewe habari zako zina kasoro, lakini hukumu yako bado inaweza kuokolewa. Tuanze na habari, maana bila hizo mtabaki mnabishania sura ya mtu.

Picha ilipigwa mwezi Machi 1936 huko Nipomo, California, kwenye kambi ya vibarua wa kuchuma njegere. Baridi na mvua vilikuwa vimeharibu mazao, kazi ikakosekana, na watu wakakwama pale bila ujira. Lange alikuwa mwajiriwa wa Resettlement Administration, idara ya serikali ya Marekani iliyohudumia wakulima waliofilisika katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Idara ilitaka picha za kuwaonyesha wabunge na walipakodi kwamba msaada ule ulihitajika. Hilo liandike mapema kabisa katika kazi yako. Si kashfa. Ni sawa na kujua kwamba picha fulani imepigwa kwa ajili ya kipeperushi cha mradi: haikuambii kwamba picha inadanganya, inakuambia mpigaji alikuwa anatafuta nini alipokuwa anatazama.

Kwa simulizi yake mwenyewe, aliyoichapisha mwaka 1960, Lange alikuwa anarudi nyumbani baada ya safari ndefu ya kikazi. Akakipita kibao cha kambi, akaendesha kama maili 20 huku moyo ukimsuta, kisha akageuza gari. Alikaa na yule mama kama dakika 10 tu, akapiga picha, akaondoka. Anasema alipiga tano. Zilizobaki katika kumbukumbu ni zaidi ya hizo.

Sasa fikiria kamera yenyewe. Alitumia Graflex, dude kubwa la kushikwa kwa mikono miwili, unalotazamia kwa juu kupitia kifuniko chake. Kila picha inakula karatasi yake ya filamu ya inchi 4 kwa 5, na kabla ya kupiga nyingine lazima ubadilishe. Mtu hawezi kujibanza na kamera ya namna hiyo akamwiba mwenzake picha. Ukizipanga fremu zote kwa mfuatano, utaona Lange alianza mbali, akionyesha turubai zima, mizigo, na binti wa miaka ya ujana ameketi kwenye kiti. Kisha akasogea, akasogea tena. Katika ile ya mwisho, ambayo ndiyo maarufu, binti hayupo. Wamebaki mama, mtoto mchanga mapajani, na watoto wawili wameegemea mabega yake huku wamegeuza nyuso nyuma. Wanahistoria wengi wanaamini Lange ndiye aliyewaambia wageuke, na mimi nakubaliana nao. Kabla ya kuajiriwa na serikali alikuwa na studio yake San Francisco, akiwapiga picha watu wenye uwezo. Mtu wa studio anajua kwamba watoto wawili wakitazama lenzi watavuta macho yote, na mama atapotea.

Kwa hiyo sentensi yako ya "hakujua kama anapigwa" ifute. Ila usikimbilie upande wa mwenzako. Picha ya mtu aliyekubali kupigwa huwa na mapatano ndani yake, yawe ya maneno au ya kimya. Mmoja anasogea, mwingine anavumilia; mmoja anasema inua kidogo uso, mwingine anainua au anakataa. Ukisema kila kilichopangwa ni uongo, basi utaitupa nusu ya picha bora za watu duniani, na utabaki na zile za kuvizia, ambazo nazo zina udhalimu wake. Swali la uhalisi liulize hivi: mpangilio huu umenifanya niamini jambo gani ambalo halikuwapo?

Mwaka huohuo wa 1936, mpigapicha mwingine wa idara hiyohiyo, Arthur Rothstein, aliokota fuvu la ng'ombe huko South Dakota, akalisogeza kama futi 10 hadi kwenye ardhi iliyopasuka kwa ukame, akalipiga. Magazeti ya wapinzani wa serikali yakapiga kelele: mmepanga! Na kweli alipanga. Lakini angalia walichokuwa wanagombania. Fuvu lilitumika kama ushahidi kwamba ukame ndio uliomwua ng'ombe, na fuvu lililohamishwa haliwezi kutoa ushahidi huo. Watoto waliogeuza nyuso hawathibitishi wala hawakanushi kwamba mama yao ni maskini. Mpangilio wa aina moja, uzito tofauti.

Na kile kilichofutwa? Ni kidole gumba. Katika picha ya awali, pembeni chini kulia, kuna kidole gumba kimeshika mti wa hema. Mwaka 1939 Lange aliagiza kisafishwe kwenye negativu, yaani filamu ya asili ya picha, na ukiangalia kwa makini nakala zilizofuata utaona kivuli chake hafifu kama ukungu. Leo jambo hilo lingemgharimu. Mashirika makubwa ya habari kama Associated Press yanakataza kuongeza au kuondoa kitu ndani ya picha, na shindano la picha za habari la World Press Photo hudai faili ghafi za kamera kabla ya kutoa tuzo. Kwa sheria hizo, picha maarufu kuliko zote za umaskini wa Marekani ingeondolewa mashindanoni.

Hapa ndipo ningependa utulie, kwa sababu ndipo uchambuzi mwingi unapopotea. Kidole kile hakibadilishi kitu chochote kuhusu njaa. Kinachobadilika ni hisia. Kidole kinatukumbusha kwamba hapo ni kibanda cha turubai, kuna mti, kuna mtu ameshikilia, kuna maisha yanaendelea nje ya fremu. Kikiondoka, unabaki na utulivu wa sanamu, na ndiyo maana watu walioizoea picha ya Bikira Maria na Mtoto ukutani kanisani huihisi mara moja bila kuambiwa.

Sasa mlinganishe kidole na yule binti aliyeachwa nje. Hakuna mhariri popote atakayemlaumu Lange kwa kusogeza kamera karibu. Huo ni uamuzi wa kawaida wa kazi. Lakini mwanahistoria James Curtis ameeleza jambo ambalo ukishalisikia huwezi kulisahau: binti wa umri ule akibaki kwenye picha, mtazamaji wa 1936 ataanza kupiga hesabu. Mama ana miaka 32, binti ni kijana, basi alizaa akiwa na umri gani? Na kwa nini watoto wengi hivi? Huruma ingegeuka lawama. Kwa kumwacha binti nje, Lange alimlinda mama dhidi ya mtazamaji, na papo hapo akatupa familia isiyo kamili. Kanuni za vyumba vya habari zinakamata kidole na kumpita binti. Ukiandika aya moja tu nzuri katika kazi yako, iwe hii.

Tuje kwenye hisia. Umeandika "kukata tamaa". Nadhani najua ulikotoa. Mkono uko shavuni, na sisi tumelelewa kuusoma mkono huo. Mtoto akishika tama mbele ya wazee anakemewa, kwamba anaita mkosi. Mtu mzima akishika tama tunauliza nani amefariki. Ni usomaji halali, lakini ni wa kwetu, na kabla ya kumvisha mama wa Nipomo inafaa kwanza uitazame picha yenyewe. Anayeshika tama huulaza uso kwenye kiganja, shingo ikalegea. Huyu shingo yake imesimama. Vidole vimegusa shavu karibu na mdomo, vyepesi, havijabeba kichwa. Paji la uso limekunjamana. Macho yanaipita kamera, yanatazama mbali. Midomo imefungwa. Hakuna chozi. Mkono wa sweta umechakaa hadi nyuzi zinaning'inia. Mtoto mapajani amelala, uso mchafu.

Hayo ndiyo yanayoonekana. Neno "kukata tamaa" halimo katika orodha hiyo, umeliweka wewe. Mimi nikiitazama naona mtu anayepiga hesabu ya jambo gumu, wasiwasi wa mtu ambaye bado anatafuta njia. Nami pia ninaweka neno langu. Tofauti ni kwamba msomaji wangu anaweza kurudi kwenye shingo na vidole akanipinga. Mwalimu wako anataka uandishi wa namna hiyo: eleza misuli, mwanga, umbali na mwelekeo wa macho kwanza, kisha ndipo utaje hisia, na uitaje kama pendekezo lako.

Uso peke yake ni shahidi dhaifu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1862 daktari Mfaransa Duchenne alichapisha picha za watu aliowachoma misuli ya uso kwa umeme. Mzee mmoja anaonekana ameshikwa na hofu kuu, ilhali hakuwa na hofu yoyote; ni waya tu. Kwenye sinema za Urusi, karibu na mwaka 1920, Lev Kuleshov anasimuliwa kuwa aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mtoto, na watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, majonzi na furaha. Na mwaka 2019 kundi la wanasayansi likiongozwa na mwanasaikolojia Lisa Feldman Barrett lilipitia tafiti nyingi za jambo hili, likahitimisha kwamba huwezi kusoma hisia ya mtu kwa uhakika kutokana na mienendo ya uso wake tu, bila kujua mazingira.

Kwenye picha ya mnato, mazingira hayo mara nyingi ni maelezo yaliyoandikwa chini yake. Kwa hiyo maelezo nayo yanachambuliwa kwa ukali uleule. Picha yetu imehifadhiwa ikiwa na maelezo kwamba hawa ni wachuma njegere mafukara, mama wa watoto saba, umri miaka 32. Fremu nyingine ya mfululizo huohuo inasema familia imetoka kuuza hema ili ipate chakula. Wameuza hema, nao wameketi chini ya turubai! Miaka 24 baadaye, katika simulizi ya 1960, kilichouzwa kikawa matairi ya gari. Familia yenyewe ilikuja kukanusha. Kwa maelezo yao, walikuwa njiani kwenda Watsonville kutafuta kibarua, gari likakatika cheni ya taimingi, wakasukumana hadi kambini, na wanaume wakaenda mjini kutengeneza rejeta, ambayo nayo ilikuwa imeharibika. Matairi hawakuuza, wangeondokaje pale bila matairi? Wapo wanaodhani Lange alichanganya familia mbili katika kumbukumbu zake, na hilo linawezekana kwa mtu aliyepita kambi nyingi na aliyekaa dakika 10 bila kuuliza jina.

Fanya jaribio hili na wenzako darasani. Wapatie nusu yao picha ikiwa na maelezo "mama fukara aliyeuza hema lake", na nusu nyingine "mama anasubiri wanaume warudi na rejeta". Waandike hisia wanayoiona. Uso ni uleule.

Usije ukahitimisha kwamba umaskini ulikuwa wa kutunga. Mama huyu alikuwa amefiwa na mume mwaka 1931, akalea kwa vibarua vya mashambani, na kambini pale watu walikuwa na njaa ya kweli. Gazeti la San Francisco News lilichapisha habari na picha za Lange siku chache baada ya kupigwa, na serikali ikapeleka Nipomo chakula chenye uzito wa pauni 20,000, kama tani tisa. Chakula kilipofika, familia iliyo kwenye picha ilikwishaondoka.

Kuna shahidi mmoja ambaye wachambuzi wengi humsahau, naye ni mtu aliyepigwa. Kwa miaka zaidi ya 40 umma haukujua jina lake. Mwaka 1978 mwandishi wa gazeti la mji wa Modesto, California, alimkuta akiishi katika nyumba ya trela. Anaitwa Florence Owens Thompson, alizaliwa 1903 katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Oklahoma, na ni wa kabila la Cherokee, yaani mwenyeji wa asili wa bara lile. Jambo hilo halikuwa kwenye maelezo hata kidogo, na wengi waliomhurumia walimchukulia kuwa mzungu mwenzao. Alisema anatamani asingepigwa. Alisema hajapata hata senti, kwamba Lange hakumuuliza jina, aliahidi kutoziuza picha na kumpelekea nakala, na nakala haikufika. Lange alikuwa amefariki 1965, kwa hiyo upande wake hatuusikii, ingawa haki inataka tuseme kwamba picha ilikuwa mali ya serikali na yeye hakulipwa kwa kila ilipochapishwa. Alilipwa kwa sifa. Lange aliandika kwamba mama alielewa kuwa picha zingemsaidia yeye, naye akamsaidia Lange, na kwamba kulikuwa na usawa fulani kati yao. Weka kauli hizo mbili zikabiliane katika kazi yako bila kuzipatanisha.

Mmoja wa wale watoto waliogeuza nyuso, akiwa bibi, aliiambia televisheni ya CNN mwaka 2008 kwamba picha ile iliwatia aibu, ikawafanya waazimie kutorudi kamwe katika umaskini ule. Alimkumbuka mama yao kama mwanamke mwenye nguvu, uti wa mgongo wa familia. Ukiisoma kauli hiyo kisha ukarudi kwenye ile shingo iliyosimama, utaona kwa nini neno "kukata tamaa" linanipa shaka. Lakini nayo ni kumbukumbu ya mtoto aliyekuwa na miaka minne, kwa hiyo isikuzidie uzito.

Kwa hiyo hukumu yangu, ukiitaka kwa ufupi: uchovu na ufukara katika picha ni vya kweli, maelezo yake yana kasoro kubwa, na ile hali ya kuwa nembo ya akina mama wote wa mdororo ilijengwa na Lange kwa ustadi, kisha na serikali, magazeti, na hata shirika la posta lililoiweka kwenye stempu mwaka 1998. Mwenzako anapoita yote hayo "uongo" anayachanganya. Nawe ulipoyaita yote "halisi" ulifanya hivyohivyo.

Kwa upande wa vifaa: usitegemee picha iliyosambazwa mitandaoni. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka wazi mfululizo wa picha hizi kwa ubora mkubwa, bila malipo, pamoja na nakala yenye kidole na isiyo na kidole. Pakua zote, uzipange mezani au kwenye kioo cha kompyuta kwa mfuatano wa umbali, na uandike kilichoondoka kila Lange aliposogea. Saa moja ya kazi hiyo itakupa mengi kuliko kurasa nyingi za maoni ya watu, yangu yakiwemo. Ukija kuchambua picha ya mpigapicha wa hapa nyumbani, muombe fremu za kabla na za baada. Akikunyima, hilo nalo liandike.

Kuhusu jina: "Mama Mhamiaji" ni jina la picha, litumie unapotaja picha. Mtu mwite Florence Owens Thompson, na ulitumie jina hilo tangu aya ya kwanza, hata kama mwalimu atauliza ni nani. Ukifika mahali unapoeleza alichohisi, chanzo chako kiwe maneno yake ya 1978, na uandike wazi kwamba aliyasema akiwa na miaka 75, juu ya siku moja aliyokuwa na 32.